Mgeni wa Ukurasa wa Pamoja

Sentensi yenyewe haikuwa na kosa, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia.

Katika ofisi ya umoja wa wakulima wa ufuta, pale Kilwa Masoko, hakuna aliyewahi kuandika sentensi isiyo na kosa. Mratibu, Mzee Abdurahmani, aliandika kama anayehutubia mkutano wa hadhara. Yasini, bwana shamba, hakuwa na habari na nukta. Saida aliandika kwa kidole gumba, kwenye simu, huku akila. Kudra, aliyekuwa na digrii na kazi ya kuwasahihisha wote, alizijua sentensi zao kama alivyovijua vikohozi vyao. Hii haikuwa ya yeyote kati yao. Ilikaa katikati ya taarifa ya palizi, ikasema: "Mashamba ya Likawage yamenyamaza mwaka huu, na hakuna aliyekuja kuyauliza yana nini."

Kudra aliisoma mara mbili, akaiacha. Ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa na njaa ya kusoma kitu kizuri.

Mfumo wenyewe ulikuwa mgeni pale ofisini. Zamani walikuwa na flashi moja iliyozunguka mifukoni mwao, imejaa virusi, na ndani yake faili zilizoitwa TAARIFA MWISHO, TAARIFA MWISHO KABISA na TAARIFA MWISHO WALLAHI. Kisha Mzee Abdurahmani akahudhuria semina, akarudi na neno "mfumo," na tangu hapo hakuweza hata kuomba chai bila kulitaja. Wakaitwa kikaoni kuchagua. Yasini alitaka kompyuta moja kubwa ikae kabatini, na ufunguo akae nao yeye. Saida akasema wasapu inatosha, hata bibi yake anayo. Kudra akapigania mfumo wa mtandaoni, ule ambao wote huandika kwenye ukurasa mmoja, na kila mtu ana kijistari chake cha rangi kinachopepesa pale anapoandika, kikiwa na jina lake.

Alitoa sababu nyingi za kisomi, na zote zilikuwa za kweli. Ya kweli zaidi hakuitoa. Baada ya laasiri wenzake walirudi kwa watu wao, naye alibaki ofisini kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumrudia. Alikuwa ameachika, mama yake alikuwa amefariki, na vile vyumba viwili alivyopanga nyuma ya soko vilikuwa na ukimya wa kumkalia mtu kifuani. Alifikiri kwamba Saida akiufungua ukurasa huko kwao, kijistari chake kitapepesa kando ya cha kwake, na hiyo nayo ni namna ya kukaa na mtu.

Hoja yake ikapita. Akapewa na kazi ya mlangoni: asiye wa ofisi akitaka kuingia kwenye ukurasa, humtumia Kudra ombi, naye huruhusu au hukataa.

Ombi la kwanza lilikuwa limekuja jioni moja kabla ya sentensi ile, akiwa peke yake. Halikuwa na jina. Pale pa picha palikuwa na duara tupu, na chini yake maneno mawili: "Hodi wenyewe."

Mtu wa Dar angeuliza wewe nani. Lakini Kudra alilelewa Kilwa, na mtoto aliyelelewa Kilwa, hodi ikipigwa, mdomo wake huitika kabla akili haijaamka. Akadhani ni mmoja wa mawakala wao wa vijijini. Akabonyeza kuruhusu, akaandika, "Karibu, pita ndani."

Kijistari kikatokea, hakina jina, rangi yake kama maji ya chumvi. Kikasimama kando ya cha kwake. Baada ya kitambo kikaandika: "Umekula?"

Tangu mama yake azikwe, hakuna aliyemuuliza Kudra swali hilo. Akajibu kwamba bado. Na kuanzia jioni hiyo akawa anachelewa zaidi kutoka.

Ni Yasini aliyeharibu mambo. Alipoikuta ile sentensi ya Likawage alicheka, akauliza ni nani huyu anayejifanya malenga kwenye taarifa ya palizi. Kudra akasema labda ni wakala wa huko. Yasini akamtazama. Alimkumbusha kwamba wakala wa Likawage hupanda kichuguu ili apate mtandao wa kupiga simu, sembuse wa kuandikia. Kisha akaifuta sentensi yote.

Kesho yake Yasini aliamka mkono wa kulia umejikunja ngumi, haufunguki. Kucha zilikuwa zimeanza kuingia kiganjani. Hospitali walimpima, hawakuona kitu, wakampa dawa za misuli. Mkono wa kushoto ukafuata. Mzee Abdurahmani akatangaza kwamba mfumo umeingiliwa na wadukuzi na kwamba ataandika barua kali, ingawa hakusema barua itapelekwa wapi, wala mdukuzi gani hukunja watu vidole.

Jioni hiyo Kudra alikaa mbele ya kompyuta, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kumwondoa mgeni. Hakukibonyeza. Badala yake akamwandikia amwache Yasini.

"Alinifuta," mgeni akajibu. "Wewe ungependa kufutwa?"

Kudra akaangalia pembeni ya kioo, na hapo ndipo alipoona kwamba bando lilikuwa limekwisha tangu mchana, kwamba kompyuta yake haikuwa imeungwa na chochote, na bado kijistari kile kilikuwa kinakwenda, pole pole, kama mtu anayetembea chumbani gizani bila kutaka kumwamsha aliyelala, kisha akasikia kiti cha Yasini nyuma yake kikilia kama kinavyolia kikikaliwa, na vitufe vya kompyuta ya Yasini, iliyozimwa na kufunikwa kitambaa, vikaanza kubonyezwa kimoja kimoja chini ya kitambaa chake, na kila kilichobonyezwa kule kilitokea huku kwenye kioo chake, na harufu ikapanda, harufu ya asumini iliyolala kwenye maji ya kisima mpaka ikaanza kuoza, ikamzunguka shingoni kama mtandio anaovishwa mtu na mwingine, na Kudra, ambaye alipaswa kukimbia na alijua kwamba alipaswa kukimbia, alibaki amekaa akisoma herufi zikijipanga: "Usigeuke. Ukigeuka utaniogopa."

Hakugeuka.

Asubuhi iliyofuata taya la Yasini lilianza kukaza. Mkewe alimnywesha uji kwa mrija. Saida akasema yeye hangoji barua ya mtu, ugonjwa ukifika kooni huyu kaka ni marehemu, na akampigia simu Bi Kidawa, mganga wa Kikole.

Bi Kidawa alifika adhuhuri kwa bodaboda, chetezo kikiwa kwenye mfuko wa rambo. Walimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akitafuta soketi ya kuchajia simu yake. Akauliza nani aliyemkaribisha huyo mgeni. Kudra akasema ni yeye.

"Bila kumuuliza jina?"

"Alipiga hodi, bibi."

Bi Kidawa hakumlaumu. Alisema wageni wa namna hiyo hupiga hodi siku zote, na watu wa pwani huwaitikia siku zote, ndiyo maana yeye hakosi kazi. Akafunga madirisha, akamkalisha Yasini sakafuni, akamfunika kaniki kichwani, akatia ubani na udi kwenye makaa. Moshi ukawa mzito, Saida akajifunika uso kwa mtandio, Mzee Abdurahmani akafumba macho akisoma aya kwa sauti iliyopoteza hotuba zake zote.

"Wewe uliyemfungulia ndiye utakayemsemea," Bi Kidawa akamwambia Kudra. "Kaa hapo kwenye kioo chako. Mimi nauliza, wewe unasoma. Muulize jina."

Kudra akaandika. Jibu likaja. "Anasema aliitwa zamani. Sasa hakuna anayemwita."

"Anataka nini?"

"Mahali penye mtu."

Chini ya kaniki Yasini alikoroma. Bi Kidawa akasogeza chetezo karibu naye.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Muulize akimwachia huyu, anakwenda wapi. Pale atakapopataja mwenyewe, na wewe ukaridhia, ndipo nitakapomfungia. Patakuwa pake, halali yake. Mtu akinijia baadaye analia, sina tena la kumfanyia. Umenielewa?"

Kudra akasema ameelewa. Akaandika swali. Kijistari kikasogea mbele, kikarudi nyuma, kama anayeona haya.

Kisha kikaandika: "Kwako. Ukiniruhusu."

Moshi ulikuwa umejaa chumba kizima. Hakuna aliyekuwa akikiona kioo ila yeye. Aliutazama ule mgongo wa Yasini ukitetemeka chini ya kaniki, akavitazama viti vya wenzake ambavyo jioni vingekuwa vitupu.

"Anasema anarudi porini," Kudra akasoma. "Huko huko Likawage, kwenye miti yake."

"Nawe umeridhia?"

"Nimeridhia, bibi."

"Basi na iwe hapo alipopataja."

Makaa yalipasuka. Vidole vya Yasini vikafunguka kimoja kimoja, damu ikatiririka viganjani, na yule kijana aliyekuwa hajui nukta akalia kwa sauti akimwita mama yake. Saida alicheka na kulia kwa pamoja. Madirisha yakafunguliwa. Kwenye kioo vilibaki vijistari vya ofisi tu, na Mzee Abdurahmani, sauti yake ikiwa imeshamrudia, akatangaza kuwa kuanzia kesho wanarudi kwenye flashi, maana semina ile hata hivyo haikuwa na chakula kizuri. Kudra hakubisha.

Wakatoka wote wakimshika Yasini mabegani. Kudra aliachwa afunge ofisi. Alizima kompyuta, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni na kushika kitasa. Hapo akasimama. Alijisogeza upande, kama mtu anayempisha mwenzake atangulie, akangoja kidogo, kisha akafunga mlango.