Arubuni ya Shayla na Safari ya Polandi

Mimi Okey naapa kwa goti langu la kulia, ambalo ndilo zima, kwamba yote nitakayosema hapa ni kweli tupu. Sikuongeza neno. Niliyopunguza ni matusi, na hayo niliyapunguza kwa heshima yako wewe msomaji.

Kiapo changu si cha bure. Kwetu Birch Lick uongo unalipiwa. Kwenye kituo cha zimamoto, karibu na mlango, kuna mtungi wa kioo uliokuwa wa achari. Mtu akikamatwa na uongo mbele za watu, anatia dola moja kwa kila uongo. Pesa hizo hununua mipira ya maji. Wazimamoto wetu ni wa kujitolea, lakini jimbo letu zima la West Virginia, huku Marekani, halina mipira mizuri kama yao. Wako wanaosema nusu ya mipira hiyo nimeinunua mimi. Hao wanatia chumvi.

Jirani yangu anaitwa Harlan Kisner. Alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake mpaka kifua kilipokataa. Siku hizi akipanda vidato vya baraza lake, anasimama katikati kama mtu anayetazama milima. Hatazami mlima wowote. Anatafuta pumzi. Aliomba fidia ya mapafu yake. Kampuni ikaleta wanasheria wenye viatu vya kung'aa. Harlan alikwenda na kofia yake mkononi. Huna haja ya kuambiwa nani alishinda.

Binti yake, Shayla, alikuwa amekaa katika ukumbi wa kesi siku ile. Hakulia. Alikwenda kuomba nafasi katika chuo cha sheria, akapata.

Mwaka wake wa kwanza ulipokuwa unaelekea mwisho, alikuja nyumbani na kipeperushi. Chuo kimoja cha sheria cha jimbo jingine kilikuwa kinapeleka wanafunzi Polandi wakati wa likizo ya kiangazi. Jina la chuo hicho nalificha, kwa sababu Shayla ameniambia nilifiche. Wangesoma wiki tano katika mji wa Katowice, ambako watu wamemeza vumbi la makaa kama sisi. Kozi aliyoitaka ilikuwa sheria ya wafanyakazi na magonjwa ya kazini. Shayla alisema mwalimu wa kozi hiyo amewatetea wachimbaji maisha yake yote. Akijifunza kwa mtu yule, hataviogopa tena viatu vya kung'aa. Na chini ya kipeperushi bei ilichapwa kwa tarakimu kubwa: dola elfu tatu na mia tisa.

Tukasema, hiyo tunaiweza.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, na Aprili kwetu ni mwezi wa vitunguu pori. Bonde zima hupanda mlimani kuvichimba. Vinakaangwa kituoni pamoja na viazi na nyama ya nguruwe, na watu huja kutoka mbali kununua sahani. Mwaka ule tulikubaliana mapato yote yawe ya Shayla. Nguvu ya harufu ya vitunguu hivyo usiulize. Nilikula sahani mbili Jumamosi. Jumatatu dubu alikuja mlangoni kwangu akaniomba nifunge dirisha.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika, maana ni kosa la watu wa kwetu hasa. Birch Lick bei huulizwa mara moja. Mtu akikutajia bei, unampa mkono, mmemaliza. Ukimuuliza mara ya pili, ni kama umemwita mwongo, na mtungi uko pale mlangoni. Tena mtu wa kwetu haingii Jumapili na pesa ya watu mfukoni mwake.

Harlan akawapigia simu wenye safari. Akapokea bwana mmoja mwenye sauti ya asali. Alimwambia Harlan nafasi zinakwisha, na kwamba Shayla atashikiwa nafasi akitoa arubuni ya dola mia sita. Harlan akasema, ahsante sana, bwana. Akalipa Jumamosi ileile ya vitunguu, kabla jua halijazama. Hakuuliza bei ile imebeba nini ndani yake. Hakuuliza kama arubuni hurudishwa. Kwake yeye maswali hayo yangekuwa utovu wa adabu. Nilimpongeza. Nilimwambia huo ndio uungwana.

Uungwana wetu ulikaa wiki mbili.

Jioni moja nilikuwa mezani kwa akina Kisner, kwa maharage na mkate wa mahindi, Shayla akaingia na uso uliokunjamana. Wenye safari walikuwa wamemwandikia. Ile bei kubwa ilikuwa ada ya masomo peke yake. Chumba ni mbali. Chakula ni mbali. Tiketi ya ndege ni mbali. Bima, vitabu na basi la kwenda darasani, vyote mbali. Ukivikusanya pamoja, bei ile ilikuwa imezaa mtoto mkubwa kuliko mama.

Nikuulize wewe unayesoma. Mtu akikuuzia gari, anakwambia magurudumu ni mbali? Anakwambia usukani utaletewa ukiongeza kidogo? Kipeperushi kilikuwa na nafasi ya kuweka picha ya msichana anayekula aiskrimu mbele ya kanisa. Hakikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa herufi kubwa. Nilikasirika mpaka maharage yakapoa.

Na bado. Shayla alikuwa ameuliza ofisi ya mikopo chuoni kwake. Wakamwambia hawana habari na safari hiyo, kwa hiyo hawawezi kumpa mkopo wa kuilipia. Tena ile kozi ya wafanyakazi ilikuwa imeondolewa. Mahali pake wameweka mikataba ya wachezaji wa mpira wa kulipwa.

Harlan alishika ukingo wa meza akakohoa kikohozi kirefu. Mkewe Dreama alimshika bega, kisha akasema polepole kwamba watu wa bonde zima wamechimba mlima kwa mikono yao, na sasa atawatazamaje.

Hapo ndipo Bi Verlinda Posey alipobisha hodi. Alikuwa anarudisha sahani ya pai. Bi Verlinda ni wa hapahapa, ila alifanya kazi miaka mingi mjini, katika ofisi ya wanafunzi ya chuo cha sheria, mpaka alipostaafu akarudi bondeni. Alitutazama, akaiweka sahani, akavuta kiti bila kuambiwa. Dreama akamweleza yote.

"Shayla, mwanangu," akasema, "ulimuuliza nani kwanza?"

"Wenye safari, shangazi."

"Basi umemshika ng'ombe mkia. Shahada yako utapewa na nani?"

"Na chuo changu."

"Haya. Basi wa kwanza kuulizwa ni chuo chako."

Akaeleza taratibu, na mimi naeleza kama alivyoeleza. Mwanafunzi akitaka kusoma likizo nje ya nchi na chuo kingine, kwanza aende kwa mkuu wa masomo chuoni kwake. Amwonyeshe kozi zenyewe. Aulize kama zitahesabiwa katika masomo ya shahada yake, na jibu alipewe kwa maandishi. Kama hazihesabiwi, basi anakwenda kutembea tu, na kutembea kuna njia za bei nafuu. Pili, aende ofisi ya mikopo ya chuo chake mwenyewe. Mkopo wa serikali hupitia pale. Vyuo viwili viandikiane mkataba kabla, na mara nyingi mwanafunzi lazima asome kozi za kutosha ndipo akubaliwe. Tatu, aulize jumla ya gharama, tangu anapofunga mlango wa nyumbani mpaka anapoufungua tena. Pasipoti aiombe mapema, kwa sababu haioti kama uyoga. Aulize pia kama upo msaada wa masomo, maana wasioomba hawapewi. Arubuni inakuja mwisho, na kabla ya kuitoa aulize: inarudi lini, na hairudi lini?

Harlan akasema kwa aibu, "Verlinda, mimi nitamuulizaje mtu maneno yote hayo? Ataona namshuku."

"Harlan, ukienda kununua mbao, hupimi?"

"Napima."

"Mwenye mbao hununa?"

Harlan akakubali kwamba hanuni.

Mimi nilikuwa na shauri langu. Nilisema tupakie lori vitunguu pori, tukavimwage mapokezi kwa yule bwana wa sauti ya asali, tuwashe na moto wa kukaangia. Bi Verlinda akaniambia nikae chini. Akasema hasira yangu ni nzuri, lakini haijui nambari ya simu. Halafu akamgeukia Shayla. Kozi imebadilishwa baada ya pesa kupokewa, sivyo? Basi si mwanafunzi aliyevunja maneno, ni wao. Kanuni za safari hizi zinampa mwanafunzi haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa ikiwa alichouziwa kimebadilishwa. Waambiwe hivyo, kwa adabu, na kwa maandishi pia.

Asubuhi Shayla akawapigia simu, na sote tulikuwepo. Yule bwana alianza na asali yake. Alisema arubuni hairudishwi. Hapo mimi sikustahimili. Niliinyakua simu, nikamwambia mambo ambayo hajawahi kuambiwa tangu azaliwe. Sauti yangu ilizima taa za bonde zima. Bwana yule akalia kama mtoto, akarudisha mia sita zote kabla hatujanywa kahawa.

Pesa iliporudi, Shayla alianza upya, safari hii kwa kichwa cha ng'ombe. Mkuu wa masomo wa chuo chake alimtajia safari nyingine ya kwenda Katowice hukohuko, ambayo chuo chake kinaikubali kila mwaka. Yule mwalimu mtetezi wa wachimbaji alikuwa amehamia katika safari hiyo na kozi yake. Kozi zikakubaliwa kwa maandishi. Vyuo vikaandikiana. Ofisi ya mikopo ikakubali. Shayla akaomba msaada wa masomo, akapata kiasi.

Siku ya kuuliza bei, Harlan alisema atauliza yeye. Alivaa shati la kanisani kwa ajili ya simu. Mama mmoja akapokea, akamtajia ada ya masomo.

"Na kingine, mama?" Harlan akauliza. Jasho lilikuwa linamtoka.

Akatajiwa chumba. "Na kingine?" Akatajiwa bima. "Na kingine?" Kila akiuliza alifumba macho, kama anayengoja kofi. Kofi halikuja. Mama yule alisema anashukuru, maana wazazi wengi huuliza wakati maji yameshafika shingoni. Mwisho Harlan akauliza habari ya arubuni. Akaambiwa tarehe ambayo kabla yake inarudi na baada yake hairudi.

Pesa ya vitunguu ikatosha tiketi na chakula, mkopo na msaada vikafunika vilivyobaki. Shayla akaenda Polandi. Alirudi amekonda, na begi limejaa maelezo ya kesi za mapafu. Siku hizi, akiwa bado mwanafunzi, anasaidia katika ofisi ya chuo inayotetea wasio na uwezo, chini ya wakili mwenye leseni. Faili la kwanza waliloomba lifunguliwe upya ni la Harlan Kisner. Limefunguliwa. Viatu vya kung'aa vimeshaandika barua mbili, na zote zimejibiwa.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia habari hii Aprili iliyofuata, kituoni, watu wakiwa na sahani za vitunguu magotini. Nikaligonga goti langu la kulia kwa kiganja kuthibitisha. Ndipo Shayla akasimama nyuma kule, akipangusa mikono.

"Babu Okey," akasema, "siku ya simu ile ulikuwa na mkate wa mahindi mdomoni. Hukusema hata neno."

Watu wakageuka kunitazama. Shayla akawaeleza ilivyokuwa. Alimwambia yule bwana kwamba kozi aliyoilipia haipo tena, kwamba anajitoa kwa sababu hiyo, na kwamba anaomba jibu kwa maandishi. Alirudia maneno yaleyale mara tatu, kwa sauti ileile. Pesa haikuja kabla ya kahawa. Ilikuja baada ya siku kumi. Na hakuna aliyelia.

Nikatazama upande wa Bi Verlinda kuomba msaada. Alikuwa ameshaufungua mtungi.

Nikatoa pochi. Lakini hata mimi nimejifunza kitu katika habari hii. Sikulipa haraka.

"Dola moja ndiyo yote," nikauliza, "au hiyo ni ada ya uongo peke yake?"

"Moja ya simu," Shayla akasema. "Moja ya taa za bonde. Moja ya yule bwana kulia."

"Na kingine?"

"Moja ya dubu."

"Na kingine?"

"Na moja ya kiapo."

Nikatia dola tano mtungini. Kisha nikauliza, kwa haki yangu kama mlipaji, kama nikimleta yule dubu hapa kutoa ushahidi nitarudishiwa ile ya kwake.

Harlan alikuwa amesimama mlangoni, akivuta pumzi zake.

"Hairudishwi, Okey," akasema. "Ungeuliza kabla ya kutia."