Ndoo za Darasa la Sita

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Gao Nou Thao alikuwa akifika shuleni kabla ya wenzake wote. Alitundika koti lake zito, akachukua ndoo nyuma ya mlango na kuzipanga chini ya dari ya darasa la sita. Alijua kila mahali palipovuja. Pabaya kuliko pote palikuwa juu ya dawati la mwanafunzi mwenzake, Kong Meng.

"Waziri wa Ndoo ameshafika!" Kong Meng alipiga kelele akiingia. "Mheshimiwa, jana wizara yako ilinilowesha daftari."

"Kaa chini wewe. Ukizidi nitakuvika hii ndoo kichwani."

Shule hiyo ya mjini Saint Paul ilikuwa shule ya mkataba. Wazazi na walimu wa Kihmong, watu wenye asili ya milima ya Laos, waliianzisha wenyewe, na serikali ya jimbo la Minnesota ikaigharimia kwa makubaliano kwamba watoto wafundishwe vizuri. Hapo Gao Nou alisoma hesabu asubuhi, na mchana bibi yake mwenyewe aliingia darasani kuwafundisha Kihmong na kudarizi. Hakuna shule nyingine mtaani iliyokuwa na kitu kama hicho. Sasa fundi alikuwa amesema wazi kwamba paa lisipotengenezwa kiangazi kile, jengo lingefungwa.

Tumaini lao lilikuwa muswada uliofikishwa bungeni. Ungezipa shule za mkataba fedha za kutengeneza majengo, ambazo hazikuwa zikipewa. Nazo shule zingetangaza matumizi yao hadharani, na wakaguzi wangeweza kuingia siku yoyote bila kutoa taarifa. Seneta Karin Solberg, mwenyekiti wa kamati ya elimu, aliomba kwanza aje ajionee shule yenyewe.

Mkuu wa shule, Bwana Chue Neng Thao, alikuwa baba mdogo wa Gao Nou. Aliposikia kwamba wageni wanakuja, alifanya kile ambacho nyumba yoyote ya Kihmong ingefanya. Aliazima vitabu kanisani akajaza rafu tupu. Darasa la sita alilifunga kwa kufuli, na wanafunzi wakahamishiwa ukumbini.

"Gao Nou, ficha hizo ndoo stoo," aliagiza.

"Lakini baba mdogo, si wanakuja kuangalia shida zetu?"

"Mgeni hapokewi kwa malalamiko, mwanangu. Fanya nilivyokwambia."

Wageni walikula wali wa kunata na kuku wa mchaichai mpaka wakashindwa kuinuka. Seneta Solberg aliondoka akitabasamu, na Bwana Chue Neng akatembea siku nzima kifua mbele.

Wiki iliyofuata wanafunzi, wazazi na walimu walikwenda kwenye jengo la bunge la jimbo. Gao Nou alikuwa amechaguliwa kutoa maneno ya shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Bibi alimvika nguo za sherehe ya mwaka mpya wa Kihmong, zenye sarafu za fedha kiunoni zilizolia kila alipopiga hatua.

Seneta Solberg alifungua kikao. "Nimeitembelea shule hii," alisema, "na kusema kweli sikuona inachokosa. Fedha za jimbo ni chache. Naona muswada huu tuuweke kando. Mwalimu Thao, au kuna jambo sikuonyeshwa? Paa lenu ni zima?"

Bwana Chue Neng aligeuka kutazama nyuma. Ukumbi ulijaa watu, na nusu yao walikuwa wa ukoo wake.

"Ni zima, mheshimiwa," alijibu.

Mtoto wa Kihmong hampingi baba yake mdogo hata jikoni, sembuse mbele ya maseneta. Gao Nou alimwona bibi amekaa mstari wa mbele, mikono yake imejaa alama za sindano ya kudarizi. Shule ikifungwa, bibi angerudi kukaa peke yake mbele ya televisheni asiyoielewa. Jina la Gao Nou lilipoitwa, alisimama, na sarafu zikalia.

"Baba mdogo, naomba radhi," alisema kwa Kihmong. Kisha akaigeukia kamati. "Mheshimiwa, paa letu linavuja. Mimi ndiye ninayepanga ndoo. Mlipokuja nilizificha stoo, na vitabu mlivyoviona tuliviazima. Hatukukusudia ubaya. Tuliona aibu kuonyesha wageni shida zetu. Lakini tusipopata msaada, shule yetu itafungwa."

Bwana Chue Neng alisimama polepole, uso umemwiva.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyedanganya. Njooni leo, njooni kesho, milango yote itakuwa wazi."

Seneta Solberg aliufungua tena muswada. "Hiyo ndiyo sababu ya kuweka ukaguzi ndani ya muswada huu," alisema. "Na hizo ndoo ndiyo sababu ya kuweka fedha. Wanaokubali?"

"Ndiyo!" kamati nzima iliitikia.

Kong Meng aliruka juu ya kiti. "Waziri wa Ndoo oyee!" Akanyamazishwa na askari, lakini kina mama wa Kihmong walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na hapo hakuna askari aliyeweza kitu.

Muswada ulipita bungeni, gavana akautia saini, na kiangazi mafundi wakapanda juu ya paa. Majani yalipoanza kupukutika, mkaguzi alibisha hodi bila taarifa, wakati wa somo la bibi. Bwana Chue Neng hakumkaribisha chakula kwanza. Alimpeleka moja kwa moja kwenye mtambo wa kupasha joto uliokuwa ukikohoa kwenye kona ya darasa.

"Anzia hapa," alimwambia. "Huu ndio unaotusumbua sasa."

Gao Nou alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Bibi, umemsikia baba mdogo?"

"Nimemsikia." Bibi alimwokotea sindano. "Mgeni aliyekuja kula, mpe kizuri ulicho nacho. Lakini aliyekuja kukusaidia, mwonyeshe panapovuja. Wewe ulilijua hilo kabla yetu sisi wazee, na leo tuna paa."