Pumzi Nyingine Garini

Mtungi wa oksijeni ulikuwa ukipungua wakati gari limeegeshwa na ndani hamna mtu.

Oddvar, dereva wa gari la wagonjwa, ndiye aliyeona kwanza. Akiubadilisha jioni, asubuhi hukuta mshale wa kipimo umeshuka. Mafundi walikagua mipira yote, hawakuona panapovuja.

"Gari hili linavuta kuliko mjomba wangu na kiko chake," alimwambia Gudny, muuguzi wa safari. "Na mjomba alizikwa nacho."

Gudny hakucheka. Alikuwa amemzika mumewe, Eilert, theluji ya kwanza ilipoanguka. Tangu hapo, kila alipopanga dawa garini peke yake, alimsikia mtu akivuta pumzi taratibu upande wa machela. Palinuka kahawa na sabuni ya lami, kama shati la Eilert. Alimwomba Mungu, hakumwambia mtu.

Kisha akaletwa Sunniva, mama kijana aliyeshikwa na nimonia mara tu baada ya kujifungua. Hospitali ya pwani ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, ilibidi avushwe mlima hadi hospitali kubwa. Kwa tufani ile helikopta isingeruka. Wakamuunganisha na mashine ya kupumulia. Gudny akapima oksijeni: ilitosha kufika, na mtungi wa akiba juu yake. Ilikuwa adhuhuri, lakini adhuhuri ya Desemba huku kaskazini haina jua.

Wakapanda mlima nyuma ya gari la kuondoa theluji. Kabla ya kufika juu, mtungi ulikuwa karibu mtupu. Gudny akafungua ule wa akiba, nao mshale wake ukaanza kushuka mbele ya macho yake.

Mashine ilisukuma hewa, kifua cha Sunniva kikapanda, kikashuka, na kabla hakijapanda tena ikasikika pumzi nyingine, nzito, ya mwanamume, ikitoka mahali ambapo hapakuwa na mtu isipokuwa Gudny mwenyewe, ambaye alikuwa ameibana pumzi yake ili ahakikishe kwamba si yeye, na harufu ya sabuni ikajaa garini hata ikafunika harufu ya dawa, na kucha za Sunniva zikaanza kuwa za bluu.

"Oddvar," alinong'ona kwenye kidirisha cha dereva. "Kuna mtu anapumua huku."

"Si mgonjwa wako?"

"Mwingine."

Oddvar alipunguza mwendo. "Mpigie mzee Anders, dada. Mpigie sasa hivi."

Mzee Anders alikuwa msomaji. Huku kaskazini, damu ikikataa kukatika, hata daktari hutoka chumba cha upasuaji akampigia simu mtu wa namna hiyo, naye akasoma maneno yake ya siri kwa jina la Mungu. Gudny akampigia, akamweleza ile pumzi na harufu ya mumewe.

"Eilert alifia wapi, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Hospitali kubwa."

"Hiyo ni kauli ya daktari. Nakuuliza wewe."

Gudny akatazama nje. "Mlimani. Hapa hapa, penye kizuizi cha barabara."

Siku ile hapakuwa na muuguzi mwingine, ikabidi amsafirishe mumewe yeye mwenyewe. Moyo ulisimama mlimani, naye akamkandamiza kifua njia nzima, kwa kuwa kutangaza kifo ni kazi ya daktari. Huku kaskazini, mtu akikata roho, muuguzi hufungua dirisha ili roho ipate njia. Walilifungua hospitalini, katika chumba ambacho Eilert hakufia.

"Ulimwambia nini ukimkandamiza?"

"Apumue. Asiache mpaka nimruhusu."

"Basi anakutii, maskini. Simamisheni gari, fungua milango, umruhusu. Mimi nasoma."

"Na mgonjwa, mzee? Baridi hii?"

"Mfunike. Hewa ikiisha, blanketi litamfaa nini?"

Oddvar akasimamisha gari. Gudny akamfunika Sunniva hadi kidevuni, akafungua milango ya nyuma, theluji ikaingia kwa kishindo. Pumzi ile ikaja usoni pake, ya moto, karibu kama walipokuwa wakilalia mto mmoja. Alijua kwamba akifunga milango atakuwa naye kila siku ya kazi. Na pwani kulikuwa na mtoto mchanga ambaye angekosa mama.

"Eilert," alisema polepole. "Baba watoto. Inatosha. Acha kupumua."

Pumzi ikaingia, ndefu. Ikakaa. Ikatoka, ikampita shavuni kuelekea gizani, na haikurudi.

Mshale ukatulia.

"Ameondoka?" Oddvar aliuliza bila kugeuza shingo.

"Nimemwambia afe, akafa. Endesha, kaka."

Akafunga milango, akaketi, akashika vidole vya Sunniva, vilivyokuwa vinaanza kurudisha rangi. Akasikiliza mpaka bondeni. Kule nyuma ya gari mlikuwa na pumzi za wanawake wawili, basi.