Vumbi Aliloliosha Fundi Baridi

Nakutegea, nawe usiwe na haraka ya kunipa mji: nina mgeni ukutani, hali wala halali, lakini akiugua yeye, anayekosa usingizi ni mimi. Haya, fikiri. Umeshindwa? Ni kiyoyozi.

Na cha muuguzi kiliugua katikati ya joto, wakati hata kuta zilikuwa zinatoa jasho. Binti huyo alifanya zamu za usiku wodini, kwa hiyo mchana ndio ulikuwa usiku wake. Siku ya tano bila kulala, alimpa mgonjwa wa kitanda cha nne vidonge vya kitanda cha tano. Bahati mgonjwa mwenyewe akasema, "Nesi, vyangu si ni vile vyekundu?" Matroni akamvuta pembeni. "Mwanangu, likitokea tena nakutoa wodini. Nenda kalale."

Alale wapi? Kwenye tanuri?

Ndipo saa sita mchana akajikuta kwenye duka la vifaa vya umeme, watu wamebanana, kila mmoja anapaza sauti ahudumiwe yeye. Alivaa gauni la bluu, raba za kazini bado miguuni, rimoti mkononi.

"Nipe betri za hii," alimwambia muuzaji.

"Dada, usiwasingizie betri," sauti ikasema nyuma yake. "Taa ya rimoti inawaka. Anayeumwa ni yule wa ukutani."

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ya kijivu, bisibisi mbili mfukoni, macho ya kucheka.

"Wewe ndiye daktari wake?"

"Ndimi. Na mgonjwa wa pili naye namwona. Kifungo chako kimepotea njia."

Muuguzi akajitazama kifuani. Kweli, gauni lilikuwa limefungwa kombo tangu alfajiri! Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Alipomwambia anakopanga, kijana akapiga kofi.

"Kwa mama wa vyumba kumi na vinane? Mimi ndiye fundi wake. Mwambie anipigie, Jumapili nakuja. Mtaani wananiita Baridi. Wewe nikuite nani?"

"Niite Usingizi. Labda nikiitwa sana utanijia."

Wakapeana namba. Kesho yake mchana simu ikalia.

"Usingizi wangu, umelala?"

"Nitalalaje nawe unapiga simu?"

"Basi kata."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Ukiwa umechoka, mtu wa kukuchekesha ni kama maji ya kunywa, na yule binti alikuwa na kiu kweli.

Jumapili Baridi alifika na ngazi begani. Muuguzi alimfungulia, akamwonyesha ukuta, akakaa kwenye kiti akitaka kusimulia kiyoyozi kilivyoanza kukoroma. Hakufika mbali. Usingizi ulimchukua pale pale, kichwa begani, kiatu kimoja mguuni.

Baridi akafungua kifuniko, akatoa kichujio. Kilikuwa kimezibwa na vumbi jeupe, zito kama blanketi. Mota ya feni ilikuwa imeungua kwa kukosa hewa. Na mkataba wa nyumba ile aliujua kama jina lake: mashine aliyoikuta mpangaji ikiharibika yenyewe, ni juu ya mwenye nyumba, ikiharibika kwa uchafu, ni juu ya mpangaji. Akamtazama binti aliyelala. Maskini, akasema moyoni, kazi imemzidi, hakuwahi kuosha. Akaenda bafuni kwa kunyata, akakiosha kichujio mpaka kikang'aa, akakirudisha. Kwenye karatasi ya kazi, penye neno "Sababu", akaandika: Mota imechoka. Kisha akamfunika binti shuka miguuni, akaondoka.

Kumbe ameharibu.

Jumatatu mama mwenye nyumba alipanda ngazi akihema, miwani kwenye paji la uso, karatasi ya Baridi mkononi.

"Mota imechoka, mota imechoka! Mota hii niliiweka mwaka jana, mpya! Wewe unaiwasha madirisha wazi, unapoza mtaa mzima."

"Sivyo, mama. Ni vumbi la jasi. Tangu uwapangishe wale mafundi wa kukata mbao za jasi za dari karakana ya hapa nyuma, chini ya dirisha langu, naosha kichujio kila Jumamosi. Ile iliyopita niliacha makusudi, ili fundi wako aone mwenyewe vumbi la wiki moja tu."

"Tuone basi hilo vumbi."

Muuguzi akavuta kichujio. Kilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Mama akamtazama binti juu mpaka chini.

"Mwanangu, nami nimechoka. Sina nguvu za kubishana na mtu mzima. Mota utanunua wewe."

Mlango haujafungwa vizuri, muuguzi alishapiga simu.

"Baridi, ulikiosha?"

"Nilikiosha. Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia! Lile vumbi lilikuwa shahidi wangu, nawe umelimwaga kwenye shimo la maji. Ulinidhania mchafu, si ndio? Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa umelala."

"Mtu aliyelala huamshwa. Mbona hukuniuliza, Baridi?"

Safari hii binti ndiye aliyekata, bila kungoja jibu.

Jumanne alilala sakafuni juu ya taulo bichi, saa moja na nusu tu. Jioni akaenda kazini akisoma kila jina la dawa mara tatu. Simu ya Baridi ililia mara tisa. Haikupokewa.

Jumatano, saa nne asubuhi, ndio kwanza amevua viatu, mlango ukagongwa. Ni Baridi na ngazi yake, na nyuma yake mama mwenye nyumba, amenuna.

"Mama," Baridi alisema, hata hajaingia vizuri, "karatasi ile niliandika uongo. Kichujio nilikikuta kimejaa vumbi jeupe, nikakiosha mimi. Jumapili karakana ilikuwa imefungwa, sikujua kama ipo. Leo nimeiona."

"Unamtetea mchumba."

"Usiniamini mimi. Njoo uguse."

Akafungua mashine yote, mpaka matumbo ya ndani, mahali ambapo mkono wa mpangaji haufiki. Kule nyuma, kwenye vibati vinavyotoa baridi, vumbi la jasi lilikutana na unyevu likaganda. Mama akapanda vipandio viwili, akagonga kwa pete. Ko, ko, ko.

"Mbona huu ni ukuta!"

"Ni ukuta, mama. Na vumbi hili la jasi ni la wapangaji wako wa nyuma."

Mama akashuka polepole, akakaa kitandani bila kukaribishwa, akajipepea na ile karatasi.

"Haya. Mota juu yangu. Hao wa jasi watasogeza msumeno wao upande wa barabarani, au wahame. Binti, nisamehe, nilikusema vibaya." Akanyoosha kidole kwa Baridi. "Na wewe! Fundi anayeniandikia uongo? Vile vyumba vingine kumi na saba nitafikiria."

"Ni haki yako, mama."

Alipotoka, chumba kilibaki na joto lake na vumbi lake. Baridi alikwangua jasi. Muuguzi akamshikia ngazi. Alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika.

"Umejiharibia kazi," alisema.

"Nitapata nyingine."

"Basi nijibu lile swali. Sasa hivi siko usingizini."

Baridi akaweka bisibisi chini, akajifuta uso, akauchafua zaidi.

"Niliogopa jibu lako. Ungesema hukuosha, ningeliandika, ndio kazi yangu. Nikiliandika, usingenifungulia mlango tena. Nami nilitaka unifungulie kesho, na kesho kutwa, na hata tukizeeka."