Ukuta Aliopakiwa Atipoka

"Haya, sema," Ayamga alimwambia, mikono mgongoni kama mtoto anayeficha kitu. "Usinyamaze hivyo."

Atipoka alisimama katikati ya ua wa kina Ayamga, mchumba wake, akikitazama chumba ambacho kingekuwa chake. Mara ya mwisho alipokiona, kuta zilikuwa udongo mtupu zikimngojea yeye. Sasa zilikuwa zimepigwa plasta ya saruji kutoka chini mpaka juu, laini kama sahani, na juu ya plasta ikapakwa rangi ya mafuta, bluu, inayong'aa mpaka inaumiza macho.

"Nani amepaka?" aliuliza mwishowe.

"Fundi kutoka mjini Bolga. Nilimleta mwenyewe kwa pikipiki, na makopo yake yote."

"Na mimi nitapaka wapi?"

Ayamga akatabasamu. "Hutapaka popote. Ndiyo zawadi yenyewe. Utakaa upumzike."

Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesimama karibu na ghala la mtama, na hakuna aliyetabasamu naye. Asaana, mama yake Ayamga, alikuja na kibuyu cha maji ya unga, yale anayopewa kila mgeni kabla ya kuulizwa habari. Atipoka akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akakirudisha bila kukigusa kwa midomo.

Kuyaacha maji ya unga mikononi mwa mwenye nyumba ni kumwambia kwamba hukuja kwa amani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Leo siwezi kunywa."

Akaaga mmoja mmoja, kama alivyofundishwa, akaondoka akipita kati ya mabua makavu ya mtama. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka angelia mbele za watu.

Katika kijiji chote cha Sirigu hakukuwa na mtu asiyeujua mkono wa Atipoka. Mwanamume hujenga, mwanamke hukandika na kuchora, ndivyo ilivyo, na yeye alikuwa ameanza kukandika tangu alipoweza kubeba ndoo ya samadi ya ng'ombe. Shangazi yake Azuma ndiye aliyemfundisha: udongo mwekundu unatoka wapi, jiwe jeusi linasagwa vipi, jiwe jeupe linawekwa majini muda gani, na namna ya kuusugua ukuta kwa kokoto la mtoni mpaka uanze kung'aa. Mavuno yakiisha tu, watu walikuja kumwita. Nyumba ya huyu, chumba cha yule, ukuta wa kanisa.

Walipomuuliza michoro anaitoa wapi, alijibu kwamba haitoi popote, anaiokota. Aliiokota kwenye shingo ya kanga, kwenye tope lililopasuka bwawani, kwenye pembe za ng'ombe waliojipanga kunywa maji. Mmoja aliuokota kwenye chale za shavu la mama yake, siku walipomwosha kwa ajili ya kumzika. Na kabla ya kuchovya unyoya kwenye rangi alifanya ishara ya msalaba na kusema maneno yaleyale: Bwana, wewe uliyemfinyanga mtu kwa udongo, ongoza mkono huu.

Ayamga alimkuta hivyo. Alikuwa fundi wa kujenga huko kusini, jijini Kumasi, amerudi kwa mazishi ya baba yake mdogo, akamwona dada mmoja anasugua ukuta huku akiimba vibaya sana. Akamwomba maji ya kunywa. Dada akamjibu kwamba mtungi ule pale, na mikono anayo. Tangu siku hiyo hakuacha kumpigia simu.

Wazee wake walikuwa wamekwisha kuja kuposa na kokwa za kola, tumbaku na kanga wanne, na baba yake Atipoka akapokea. Kilichobaki ni ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wakishaingia zizini, Atipoka ni mke wa nyumba ile.

Jioni ya siku ile ya kibuyu, ujumbe wa kwanza wa Ayamga uliingia kwenye simu yake.

"Atipoka, nimepiga hupokei. Kosa langu ni lipi? Niambie nilirekebishe."

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Kama hulijui, kaa na ukuta wako."

Asubuhi alimwendea baba yake na kumwomba awaambie watu wa Ayamga wasilete ng'ombe kwanza. Baba yake hakumuuliza mengi. Alisema tu kwamba ng'ombe wanaweza kungoja, lakini watu wakingojeshwa sana huenda kwingine, na yeye alijue hilo kabla hajaamua.

Alilijua. Akaenda kazini akiwa nalo.

Kazi haikwenda. Alikuwa akichora nyumba ya mwalimu mmoja, mistari ya kawaida tu ambayo angeweza kuichora akisinzia. Alichora, akasimama mbali, akaona imepinda kama mwendo wa mbuzi. Akaifuta kwa maji. Siku ya pili vivyo hivyo. Shangazi Azuma alikaa kivulini akivunja karanga, akimtazama.

"Unauchora ukuta wa mwalimu au unauchora ule wa bluu?" aliuliza.

"Shangazi, niache."

"Nimekuacha. Mimi navunja karanga zangu."

Alfajiri alipiga magoti kando ya mkeka wake, na hakujua aombe nini. Amwombe Mungu amwondolee mapenzi? Hakutaka yaondoke. Alimwonyesha Mungu mikono yake tu, akaiinua vile ilivyo, yenye nyufa na rangi nyekundu kwenye kucha, akabaki hivyo mpaka jogoo walipomaliza kuwika.

Mchana wa siku ile Asaana alikuja. Alikuja kwa miguu, mgongo umepinda, akakaa kwenye gogo bila kukaribishwa na kusema moja kwa moja kilichomleta.

"Mke wetu, ulinirudishia maji yangu."

"Ndiyo, mama. Nimekuwa nikiona aibu."

"Aibu tuiweke pembeni. Nataka kujua kitu kimoja. Ulipomwambia mwanangu alete saruji, uliona mikono yetu sisi ni michafu?"

Atipoka akaacha kusaga jiwe. "Mimi nilimwambia alete saruji?"

"Alitwambia ni kwa ajili yako. Tukasema, sawa, ni msichana anayejulikana, watu wa mbali wanakuja kupiga picha kazi zake, labda hataki kukaa kwenye udongo na vikongwe. Nina watoto wa kiume watatu, Atipoka. Wawili wameoa huko kusini, wake zao siwajui hata sauti. Nilikuwa nimeweka udongo mwekundu chini ya kitanda changu tangu mvua zilipokoma. Nilitaka nikandike na wewe. Siku moja tu, kabla mgongo huu haujanikatalia kabisa."

Msichana akiletwa kwenye nyumba ya mume, wanawake wote wa ua ule hukandika naye chumba chake. Hapo ndipo wanapomcheka, wanamwimbia, wanamwambia ukuta huu ulikuwa wa bibi fulani na ule wa fulani. Udongo ukikauka amekwisha kuwa mtu wa pale. Asiyekandikiwa hubaki mgeni mwenye chumba.

"Mama," alisema, "mimi nilidhani ninyi ndio mmeukataa mkono wangu."

Asaana akamtazama, kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Basi yule kijana ametuumiza wote wawili kwa kopo moja la rangi. Njoo umwone anachofanya sasa. Mimi nimeshindwa kumzuia."

Walimsikia kabla hawajamwona. Ayamga alikuwa na nyundo na patasi, shati limelowa, nywele nyeupe kwa vumbi, na tayari alikuwa amebandua plasta yote ya ukuta wa mbele. Chini yake udongo ulikuwa umejaa vishimo vya patasi, safu juu ya safu. Nje ya ua vijana walikuwa wakimtania kwamba Kumasi wanajenga, yeye amerudi kubomoa.

Alipomwona Atipoka alishusha nyundo.

"Uliniandikia nikae na ukuta wangu," alisema. "Nitaitoa saruji yote. Mbele, nyuma, ndani, sakafu. Kufikia Jumamosi haitabaki hata kidogo."

"Tena hujaniuliza," Atipoka alisema.

"Nini?"

"Ulipaka bila kuniuliza. Sasa unabomoa bila kuniuliza. Ni nani aliyekwambia sitaki sakafu ya saruji? Mvua ikinyesha nilale kwenye tope kwa sababu mimi ni msanii?"

Mmoja wa wanawake akaguna kwa kicheko.

"Uliniambia kwenye simu," Ayamga alisema taratibu. "Ulisema vidole vinatoka damu. Ulisema mvua ya mwaka jana iliangusha ukuta uliouchora mwezi mzima, na ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa kazini, juu ya jengo, nasikia unalia na sina la kufanya. Na mama yangu huyu, tazama mgongo wake. Nikasema, mke wangu hatapata mgongo huu. Nilikuwa nachanganya saruji ya watu wengine kila siku, nikasema safari hii nachanganya ya Atipoka."

Akafuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope. "Sikutaka kukunyang'anya kitu. Nilitaka usiumie."

Sasa ndipo Atipoka alipoviona vidole vya Ayamga. Vilikuwa vimepasuka kama vya kwake.

"Ayamga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "ninapolia kwa ajili ya ukuta si kwamba naomba kuondolewa kazi. Nalia kama anayefiwa. Kesho yake nachota udongo mwingine. Ukinioa unaoa na huo udongo. Kama huwezi, niambie leo, sitakuchukia."

"Naweza."

"Usijibu haraka."

Akafikiri kweli. Wanawake wakangoja. Kisha akaweka nyundo na patasi chini.

"Nisichojua ni kuuliza," alisema. "Nimeishi peke yangu muda mrefu, nimezoea kuamua. Basi nauliza. Unataka nini kibaki na nini kitoke?"

Atipoka akazunguka chumba polepole, akigonga kuta kwa kiganja. "Ndani ibaki saruji. Sakafu ibaki. Nyuma, huko mvua inakopiga, ibaki, ila hiyo bluu naomba uifunike, hata mbuzi wanaiogopa. Mbele ni pangu na mama."

"Na mimi nifanye nini?"

"Maji. Tutahitaji maji mengi."

Kuchota maji ya kukandikia ni kazi ya wasichana wadogo. Ayamga alikwenda kisimani na ndoo kichwani, akarudi nusu ya maji yako shatini, na wanawake wakamtungia wimbo hapohapo juu ya bwana arusi aliyelowa. Alikwenda tena. Alikwenda mpaka wimbo ukaisha beti.

Walikandika siku mbili. Asaana alitoa udongo wake chini ya kitanda, akaukanda kwa miguu akimshika Atipoka bega. Wakati wa kuchora, Atipoka alifanya ishara ya msalaba, akasimama mbele ya ukuta mtupu, na mkono ukaja wenyewe. Hakuchora pembe wala shingo ya kanga. Alichora vishimo vidogo vilivyolala upande mmoja, safu nyeusi, safu nyeupe, kama alivyoviona patasi ilipopita, mpaka mbele yote ya chumba ikawa kama shamba lililolimwa kwa subira.

"Huo sijawahi kuuona," Asaana alisema. "Unaitwaje?"

"Bado hauna jina, mama. Tajeni ninyi."

Wanawake wakabishana. Mmoja alisema uitwe Ayamga Kabomoa, wakacheka mpaka wakakaa chini. Asaana alingoja wanyamaze.

"Aliuliza," alisema. "Uitwe hivyo. Aliuliza."

Ayamga alikuwa amesimama na ndoo yake, hajui aitue wapi. Atipoka akamkaribia, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Waambie wazee wako walete ng'ombe," alisema.

"Kesho?"

"Kesho nachemsha maganda ya mti wa dawadawa niupake ukuta maji yake, usioshwe na mvua. Jumatano. Na uwaambie wapite upande huu wa mbele, wauone."