Jenereta ya Karavani Namba Saba

Saa kumi na dakika tano jioni ya Jumapili, Abdu alifungua mlango mdogo ubavuni mwa karavani namba saba ili apitishe maji, akakuta jenereta haimo. Palibaki nati nne zilizofunguliwa na waya ambao ncha zake zilikuwa zimezungushiwa utepe mweusi. Abdu, Mganda aliyeajiriwa kuosha magari katika yadi ile ya Al Quoz, Dubai, alirudi nyuma hatua mbili, mpira wa maji ungali mkononi, akasema mbele ya wote kwamba yeye hajagusa kitu.

Dorah alikuwa amesimama palepale, na dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu akabidhi funguo. Mumewe Gibson alikuwa anashusha masanduku, binti yao Daisy anakunja blanketi, na mama mkwe wake Wangari, ambaye wote walimwita Shosho, yaani bibi, amekaa kivulini na Biblia yake mapajani. Daisy alilelewa na Shosho Kenya huku wazazi wakitafuta riziki Ghuba; sasa wawili hao walikuwa wamekuja kuwatembelea. Daisy alikuwa ametimiza miaka kumi na tano, na familia hii haikuwa imewahi kusafiri pamoja hata kwenda sokoni. Ndiyo maana walikodi gari lenye vitanda, jiko na choo, wakaenda milima ya Hatta siku tatu. Walirudi wakicheka. Sasa walikuwa wezi.

Ndivyo alivyosema Justus, karani wa yadi, Mkenya mwenzao, ingawa aliliremba neno. Alileta fomu ya makabidhiano. Penye "Jenereta" paliandikwa "ipo", na chini yake sahihi ya Dorah ilisomeka bila shida yoyote.

Mzee Mohdhar, mwenye yadi, mtu wa ukoo wa Kizanzibari ulioishi Dubai tangu zamani, aliisoma fomu mara mbili.

"Bibie, mie sipendi kumdhalilisha mtu," alisema. "Lakini sahihi ni yako. Nakupeni hadi adhana ya magharibi. Ikifika hapo sijui kilipo kitu changu, n'tapiga simu polisi."

Dorah alishikwa na hasira. Miaka sita alikuwa mlinzi wa jengo moja kule Marina, na kitu pekee alichokuwa nacho katika mji huu ni jina lake. Kesi ya wizi ikifunguliwa, leseni yake ya ulinzi ingesimamishwa. Pasipo leseni hapana kazi, na pasipo kazi hapana visa. Na hasira nyingine ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Yeye, ambaye hapokei zamu kabla ya kuhesabu hata funguo za vyoo, alikuwa ametia sahihi bila kufungua ule mlango, kwa sababu tu aliyempa kalamu alimwita "sista" kwa lafudhi ya nyumbani.

Justus alimvuta pembeni. "Dorah, tusichukuliane vibaya. Ongeeni na watu wa kanisa lenu wawachangie mnunue ingine, khalas, iishe. Kesi haisaidii mtu."

"Nikinunua, nimekubali niliiba."

"Si lazima mtu aseme hivyo."

Dorah alitoa daftari lake dogo, lile alilozoea kuandikia matukio ya lindo, akaanza kupanga saa.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi: wanapokea karavani. Karavani namba nane imeegeshwa ubavuni karibu mno, mlango wa jenereta haufunguki. Justus anasema amekagua mwenyewe. Sahihi. Saa tatu kasorobo: Justus analitoa gari hadi getini. Shosho analisimamisha, kwa kuwa hawezi kupanda gari geni lisiloombewa. Anazunguka na chupa ya mafuta ya zeituni, anapaka msalaba kwa kidole gumba kwenye kila mlango, mkubwa kwa mdogo, pale hasa mlango unapokutana na bodi ya gari, ili ibilisi asipate ufa wa kuingilia. Wote wanainamisha vichwa, isipokuwa Daisy anayepiga picha. Saa tatu na dakika tano: safari.

Jumamosi alasiri, Hatta: Siraje, mlinzi wa kambi, anakuja kuuliza kama watawasha jenereta. Gibson anampa chai.

Gibson alipoona jina hilo alilidaka. Kwa nini mlinzi aulizie jenereta? Dorah alimpigia Siraje simu. Yule bwana alijibu kwa utulivu kwamba huuliza kila gari, maana kelele zimekatazwa na umeme wa kambi upo. Ilikuwa kweli: wao wenyewe walichomeka waya wa kambi siku zote tatu, ndiyo sababu hawakuihitaji jenereta.

Akabaki Abdu. Justus alikuwa tayari anamnyooshea kidole: tangu funguo zirudishwe, gari lilikuwa mikononi mwake.

"Dakika tano, madam," Abdu alisema. "Ile kitu tunainua watu wawili. Mimi niko mmoja."

Dorah aliona aibu, kwa kuwa naye moyoni alikuwa amemfikiria Abdu kwanza. Alichuchumaa akatazama nati. Zilifunguliwa kwa spana, taratibu, na aliyefungua alipata nafasi hata ya kuzungushia waya utepe. Huyo hakuwa mwizi wa haraka. Alikuwa mtu aliyefanya kazi bila hofu, kama aliye kwake.

Hapo akakumbuka simu yake. Mlinzi mzuri, kabla ya kukabidhi lindo, hupiga picha kila mlango ukiwa umefungwa. Saa kumi kasoro dakika nane alikuwa amepiga milango yote ya karavani, bila kuwaza, kwa mazoea tu. Akazifungua, akaikuza ile ya ubavuni. Akamwita Daisy, akaomba picha za Ijumaa. Aliziweka mbili za mlango ule sambamba, kisha akaomba watu wote waingie ofisini. Zilibaki dakika ishirini kufika magharibi.

"Justus," alianza, "jenereta ilitoka na sisi?"

"Ilitoka. Niliiona na macho yangu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi hiyo, kabla niwatolee gari."

"Kabla Shosho hajaomba, au baada?"

"Kabla. Mkaenda nayo. Mimi nitajuaje mlifanya nini huko milimani?"

Dorah aliweka simu mbili juu ya meza ya Mzee Mohdhar. Ya kwanza ilikuwa ya Daisy, Ijumaa getini: mlango wa jenereta, msalaba wa mafuta umepita juu ya ufa, nusu mlangoni, nusu kwenye bodi, na kwa kuwa Shosho alizidisha mafuta, tone moja limechuruzika likapinda kushoto. Ya pili ilikuwa yake, Jumapili. Msalaba uleule na tone lilelile, ila vumbi la Hatta lilikuwa limenata likafunika ufa mzima. Kisha akaonyesha picha ya mlango wa gesi, waliokuwa wakiufungua kupika: msalaba ulikuwa umekatika katikati.

"Huu haukufunguliwa tangu maombi mpaka Abdu alipoufungua," alisema. "Kama jenereta ilikuwemo getini, ingekuwemo leo."

"Mnaweza kupaka tena," Justus alisema haraka.

"Na tone lipinde vilevile? Na vumbi la siku tatu nilitoe wapi?"

Mzee Mohdhar alimtazama karani wake. "Kamera ya yadi inaweka kumbukumbu za wiki nzima. Niifungue ya Alhamisi, au utasema mwenyewe?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Justus iliishia hapo. Alikiri kwamba aliitoa jenereta Alhamisi jioni, yeye na dereva wa pikapu, akaipeleka mtaa wa Naif kwa mfanyabiashara anayesafirisha mizigo Mombasa. Justus alikuwa anafungua duka la kinyozi nyumbani Kenya, na umeme wa kule unapotea kila siku. Namba nane aliiegesha vile makusudi.

"Na kwa nini sisi?" Gibson aliuliza.

Justus alitazama sakafu. "Mna wageni. Wakenya hawapendi kesi. Nilijua mtachanga."

Kikulacho ki nguoni mwako. Dorah alitamani kusema mengi, na yote yalikuwa ya matusi. Shosho ndiye aliyesimama, akaichukua simu ya mjukuu wake na kumwonyesha Justus picha ya mwisho ya Ijumaa. Alikuwemo, kichwa kimeinama, mikono imekunjwa.

"Kijana, uliitikia amina kwa nguvu kuliko sisi wote," alisema. "Ulikuwa unamwomba Mungu nini?"



Mzee Mohdhar alimwomba Dorah radhi, kisha, baada ya Dorah kubaki amemkazia macho, akamwomba na Abdu. Alipiga simu polisi kama alivyoahidi, ila jina alilotaja lilikuwa la Justus. Akaandika fomu mpya: karavani namba saba imerudi salama, jenereta haikuwemo wakati wa kuondoka. Akampa kalamu.

Adhana ilikuwa inaanza. Dorah aliiacha kalamu mezani, akatoka hadi kwenye gari, akafungua ule mlango mdogo kwa mkono wake na kuchungulia ndani. Halafu akarudi akatia sahihi.