Jaketi Lililolegea Asubuhi

Kila mama aliporudi kutoka kazini, hata kabla hajavua viatu, binti yake alimpokea jaketi la kuzamia na kulipeleka uani. Alilisuuza kwa maji ya bomba nje na ndani, akalitundika kivulini. Mama alikuwa mzamiaji. Alikagua nguzo za madaraja chini ya maji. Akilijaza jaketi hewa, lilimpandisha, akiipunguza, alishuka. Kwa kazi hiyo ya uani, bibi alimbandika mjukuu wake jina la Fundi Hewa, naye alilipenda kuliko lile la shuleni.

Sasa jaketi la zamani lilikuwa limechoka, na mama alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda kukagua daraja la mbali. Muuzaji wa vifaa vya kuzamia alimwazima majaketi mawili ili achague. Moja lilikuwa zito, la kitambaa kigumu. La pili lilikuwa jepesi, likikunjwa liliingia kwenye kona ya begi. Kwa kuwa safari hii hakuwa na vyuma vya kubeba majini, mama alisema lolote lingemfaa. Jioni aliyajaza yote mawili hewa, akayaacha uani.

"Jepesi likishika hewa hadi asubuhi, nitasafiri nalo," alisema. "Likilegea, nitachukua zito. Fundi, wewe ndiye utakayeniambia."

Moyoni binti alikuwa ameshachagua. Yeye na bibi walikuwa wamemfumia mama sweta nene kwa siri, maana mama akitoka majini hutetemeka hata jua likiwa kali. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na uzito wake haukuwa wa mchezo. Mizigo ya ndege hupimwa. Jaketi zito likiingia begini, sweta lingebaki nyumbani.

Asubuhi alitoka uani akiwa bado na matongotongo. Jaketi zito lilikuwa gumu vilevile. Jepesi lilikuwa limelegea mabegani. Alitazama huku na huku, akalipuliza kwa mdomo kupitia mrija wake mpaka mashavu yakamuuma, kisha akaenda kumwambia mama kwamba yote yameshika hewa vizuri.

Mama hakwenda kuhakikisha. Alimshika kidevu, akamshukuru, akaenda kulileta lile jepesi na kuanza kulitoa hewa. Hapo chai ikamshinda binti. Afadhali angeulizwa mara ya pili. Kuaminiwa namna ile kulimlemea. Alimwaza mama akiwa chini ya maji, akijaza hewa, na hewa yenyewe ikitoroka.

"Mama, usilichukue," alisema huku akilia. "Lilikuwa limelegea. Nimelipuliza mimi, ili sweta lipate nafasi."

"Sweta gani?"

Bibi akakohoa, akaenda chumbani kulileta. Siri ikaishia hapo.

Mama alilitazama sweta, akamtazama binti yake. Wakaenda wote wawili dukani na lile jaketi jepesi. Muuzaji alilijaza jaketi hewa na kulizamisha kwenye pipa la maji, na mapovu yakatoka pembeni mwa vali. Ilikuwa na ufa mwembamba. Aliomba radhi, akaliweka kando lisije likachukuliwa na mtu mwingine.

Walipokuwa wakirudi, mama alimshika mkono.

"Jaketi bovu nikilijua halinitishi, nitaliacha dukani," alisema. "Kinachonitisha ni neno la uongo nitakaloliamini, nikashuka nalo majini. Ukinipenda, niambie ukweli, hata kama utaniharibia mipango."

"Nakupenda, mama."

"Najua. Nimeuona ule mkono mrefu."

Siku ya safari begi lilikuwa wazi sebuleni. Jaketi zito lilikuwa limelala na hewa yake usiku kucha, na mama alitokea akiwa amevaa sweta, mkono mmoja ameukunja, jasho likimtiririka.

"Nguo iliyo mwilini haipimwi," alisema, na bibi akacheka mpaka akatafuta kiti. "Haya, Fundi Hewa, niambie."

Binti alilibonyeza jaketi kwa viganja vyote viwili, mabegani, ubavuni na mgongoni. Akainua uso na kumtazama mama machoni.

"Limeshika," alisema.

Mama akalitoa hewa, akalikunja, na kufunga begi bila kulibonyeza mwenyewe.